Nikon D850 Mutanga Sud: Ukali wa Ajabu, Fokasi Isiyosamehe

Jamani, ukali huu! Fungua picha moja ya Nikon D850, ikuze kwenye skrini mpaka mwisho, ndipo utaelewa kwa nini siwezi kukaa kimya. Ilitangazwa Agosti 2017 kwa karibu dola 3,300 za Marekani, na leo zilizotumika zinapatikana chini ya hapo. Mikononi mwangu ni mpya kabisa, na tangu niipate nazunguka nayo Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, nikitafuta jibu la swali ambalo kila mpiga picha anauliza: je, picha zake ni kali kweli, na fokasi yake inaaminika?

Tuanze na ukali. Sensa yake ni ya fremu nzima, megapikseli 45.7, yaani pikseli 8,256 kwa 5,504. Unaichapisha picha kwa upana wa karibu sentimita 70, doti 300 kwa inchi, bila kuipanua hata kidogo. Tena haina ule mchujo unaowekwa mbele ya sensa kulainisha picha, kwa hiyo kila kinachopita kwenye lenzi kinafika. Angalizo moja tu: vitambaa vya nyuzi ndogo zinazojirudia vinaweza kutoa mawimbi ya rangi, basi wapiga picha za harusi wawe macho.

Na Mutanga Sud ndiyo mahali pa kuijaribia! Mtaa umekaa kwenye mteremko, na ukitazama magharibi unauona mji umetandazwa chini, kisha Ziwa Tanganyika, kisha milima ya Kongo ng'ambo. Asubuhi jua linatoka mgongoni mwako na kuimulika ile milima usoni. Kamera kwenye stendi, ISO 64, tundu f/8, kioo kimeinuliwa kabla ya kupiga. Matokeo? Migongo ya mabati, nyaya za umeme, majani ya miembe, kila kimoja kimesimama peke yake! Mchana, joto linapopanda juu ya mapaa, ukali wa mbali unapotea. Hapo usiilaumu kamera. Hakuna lenzi inayoweza kutuliza hewa inayocheza. Rudi asubuhi, hasa baada ya mvua kuosha vumbi.

Sasa fokasi, penye wasiwasi wote. Kuna pointi 153, na 99 kati yake ni za msalaba, mfumo uliotoka kwenye D5, kamera kubwa ya wanahabari. Nikafunga lenzi ya mtumba ya 85mm, tundu f/1.8, nikalenga jicho. Sikio ndilo lililotoka kali! Wengi wakifika hapa huirudisha kamera dukani. Subiri kwanza.

Ukitazama kupitia kidirisha cha kamera ya kioo kama hii, kinachopima umbali si sensa yenyewe. Kioo kidogo kilicho nyuma ya kile kikubwa hupeleka sehemu ya mwanga chini, kwenye kifaa cha fokasi. Njia hiyo na ile ya kwenda kwenye sensa lazima zilingane. Zikipishana kidogo mno, au lenzi ikiwa na hitilafu yake, fokasi inaangukia mbele au nyuma ya ulichokilenga. Kwenye kamera ya megapikseli 12 huenda usingegundua. Hapa kila kosa liko wazi kama doa kwenye kanzu nyeupe.

Dawa imo ndani ya kamera! Iweke kwenye stendi mbele ya kitu bapa chenye maandishi, fungua tundu lote, washa picha ya moja kwa moja kwenye skrini, weka fokasi katikati. Kisha bonyeza pamoja kitufe cha modi ya fokasi na kile cha kurekodi video kwa zaidi ya sekunde mbili. Kamera inalinganisha vipimo, inapendekeza marekebisho kati ya -20 na +20, na ukikubali inaikumbuka lenzi hiyo. Nikarudia picha ya uso: kope moja moja!

Kagua pia pointi za pembeni, kushoto na kulia. Mwaka 2012, Nikon D800 ilipotoka, wapiga picha wengi walilalamikia pointi za kushoto, na marekebisho haya hayatibu tatizo la upande mmoja. Hilo ni la fundi. Kwenye D850 yangu pande zote mbili zimesimama sawasawa.

Ukishika kwa mkono, ongeza kasi ya shata. Kwa lenzi ya 85mm, mimi sishuki chini ya 1/200. Ukivuka f/11, ukali unaanza kulegea. Na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, usiogope giza: pointi ya katikati inafanya kazi hadi EV -4, na uso ulioangazwa na taa ya dukani iliunasa papo hapo.

Uamuzi wangu: nunua! Ukali wake ni wa kweli na fokasi yake inaaminika. Ila kabla hujapokea kazi ya mteja hata mmoja, linganisha kila lenzi uliyo nayo, moja baada ya nyingine.