Kitabu cha Tippu Tip na Majirani Zetu Waislamu



Katika parokia zetu za Kisangani, toka mjini hata huku kwetu Bangboka penye uwanja wa ndege, habari za Tippu Tip husimuliwa sana, lakini kitabu chake husomwa na wachache. Kila mtu amesikia ya kuwa alifanya biashara ya pembe na watumwa, tena ya kuwa alitawala hapa kwenye maporomoko. Na mara nyingi masimulizi hayo huishia kwa neno moja la uchungu: "Hao ndio Waislamu." Kwa ajili ya neno hilo tumeona vema kukichungua kitabu chenyewe, tujue chasema nini, chanyamaza wapi, na kama kweli chatupa haki ya kuwanenea hivyo majirani zetu.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Katika uzee wake aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza kuwa herufi za Kilatini, yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye, mwaka 1958 na 1959, W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Na mwaka 1974 Padre François Bontinck, mmisionari wa Scheut, aliyatoa kwa Kifaransa huko Brussels, pamoja na maelezo mengi. Tusipite hapo upesi. Padre Mkatoliki alitumia bidii nyingi ili maneno ya mfanya biashara Mwislamu yasomwe vizuri. Hiyo ni heshima ya kweli: kumwacha mtu aseme mwenyewe kwanza, ndipo kumpima.

Nasi tusifu kwanza kinachostahili sifa. Kiswahili cha kitabu hiki ni chepesi na chenye nguvu. Mwandishi asimulia kama mzee aketiye barazani. Hapambi maneno, wala haombi tumhurumie. Aeleza jinsi alivyopata utawala wa Utetera kwa kujidai kuwa mtu wa ukoo wa mtemi Kasongo Rushie, na yule mzee akampokea kama mtoto aliyerudi nyumbani. Aeleza alivyokutana na Livingstone mwaka 1867 akamsaidia njiani, na alivyosafiri na Stanley mwaka 1876 kwa mapatano ya fedha. Anayetaka kujua mambo ya nchi zetu kabla ya serikali ya Kizungu hawezi kukiacha kitabu hiki.

Lakini kina upungufu mkubwa, na ni lazima kuusema waziwazi. Pembe za ndovu zahesabiwa kwa frasila. Watu waliozibeba hawana sauti. Tunajua majina ya matajiri, ya watemi na ya Wazungu. Mama aliyetolewa kijijini mwake, au kijana aliyekufa chini ya mzigo, hatumsikii akinena hata neno moja. Mwandishi haoni haya kwa vita vyake, maana kwake ni sehemu ya biashara. Msomaji Mkristo asidanganywe na uzuri wa masimulizi: chini ya kila frasila palikuwa na bega la mtu.

Sasa tutazame jambo la dini, ambalo ndilo lililotufanya tuandike. Mtu atakayetafuta humo habari za kueneza Uislamu ataona kidogo mno. Mwandishi ni Mwislamu, wala hana shaka na imani yake, lakini hasimulii safari ya kwenda kuwasilimisha watu. Atafuta pembe na nguvu ya kutawala. Vita vyake si vita vya dini.

Tena tukumbuke ni nani aliyemweka hapa kuwa wali. Mwaka 1887, kwa mkono wa Stanley, alipatana na serikali ya Leopold wa Pili, mfalme Mkatoliki wa Ubelgiji, awe wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Basi Mwislamu huyu alitawala hapa akiwa mtumishi wa mfalme Mkristo. Miaka michache baadaye, mwaka 1892, vita vilizuka kati ya serikali hiyo na wafanya biashara Waarabu, nao wakashindwa. Na baada ya ushindi huo watu wa Kongo walionja mateso ya mpira. Kama makosa ya Tippu Tip ni makosa ya Uislamu, basi vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya mpira ni makosa ya Ubatizo. Hakuna Mkatoliki atakayekubali hesabu ya namna hiyo. Kwa nini basi tuitumie kwa wengine?

Liko jambo jingine tunalosahau. Waislamu wa Kisangani wengi hawakutoka Uarabuni. Wale walioitwa Wangwana, waliofuata misafara, wengi wao walikuwa watu wa Umanyema na wa nchi hizi hizi. Na wengine walichukuliwa kwa nguvu wakiwa watoto, wakakulia katika nyumba za matajiri, wakashika dini ya nyumba hizo. Maana yake ni hii: jirani tunayemwita mjukuu wa wenye kuteka watu, huenda ni mjukuu wa waliotekwa. Hata Kiswahili chetu cha Kongo kiliitwa Kingwana kwa jina lao. Lugha tunayosalia Rozari ilifika kwetu kwa njia ile ile ya misafara. Hatukuikataa lugha kwa sababu ya njia yake.

Padre Gabriel Grison, wa Shirika la Moyo Mtakatifu, alifika Stanley Falls mwaka 1897 akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Tangu hapo Kanisa limekua, na Waislamu wamebaki wachache. Wakati wa Wabelgiji shule za misioni zilisaidiwa na serikali. Waislamu walitazamwa kwa mashaka. Sisi tuliokuwa upande wenye nguvu hatukuhisi uzito wa jambo hilo. Aliye wengi hasikii kwa urahisi maumivu ya aliye wachache.

Ili tuusikie uzito huo, twende kwa mawazo mpaka Unguja, alikozaliwa na kufa mwandishi wetu. Huko mambo yamegeuka: Waislamu ni wengi mno, na Wakristo ni wachache. Mapadre wa kwanza wa nyakati hizi walishuka huko mwaka 1860, siku za Sultani Majid, nao wakaruhusiwa kufanya kazi yao chini ya mtawala Mwislamu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya mwaka 1893 na 1898, na minara yake miwili yasimama hata leo katika Mji Mkongwe, kati ya misikiti. Waanglikana nao walijenga kanisa lao kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kwa miaka mingi watu wa dini mbalimbali wameishi pamoja katika vichochoro vile.

Lakini Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padre Evarist Mushi alipigwa risasi huko Unguja alipofika kuadhimisha Misa, akafa. Wakatoliki wa Unguja walilia. Walitaka nini kwa wenzao walio wengi? Walitaka wasihesabiwe kuwa wageni katika nchi yao. Walitaka mtu asiwatupie makosa ya wakoloni kwa kuwa tu imani yao ililetwa na wamisionari wa Kizungu. Walitaka kwenda kanisani na kurudi salama. Tunayowatakia ndugu zetu wa huko, ndiyo yatupasa kuwatendea Waislamu wa hapa.

Huenda mmoja atauliza: "Je, mwataka tusahau utumwa?" La, hasha. Maovu yatajwe, na waliotenda watajwe kwa majina yao. Wala hatusemi kwamba dini zote ni sawa. Sisi twamkiri Kristo, Mwana wa Mungu, na jirani yetu anajua hivyo. Lakini hatia hairithiwi kwa njia ya dini. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu, kuyaacha magomvi ya zamani, na kushirikiana nao katika haki na amani. Nasi wa Kisangani twajua mabaya yatupatayo wote pamoja. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mjini mwetu, raia mamia walikufa, Wakristo na Waislamu pia.

Basi hukumu yetu juu ya kitabu hiki ni hii. Chafaa kusomwa na walimu, wakatekisti, na vijana waliokomaa, hasa pamoja na maelezo ya Padre Bontinck. Kisomwe kwa masikio mawili: moja lisikie anayosema mwandishi, la pili lisikie kimya cha waliobeba mizigo yake. Na mkatekista atakayewaeleza wakatekumeni habari za Tippu Tip, amtaje kwa jina lake na kazi yake: mfanya biashara wa pembe na watu, na wali wa mfalme Leopold. Asimtwike mzigo huo Mwislamu anayeuza sokoni kando ya mama yake mwenyewe.