Asilimia 29
Nate Silver alianzia kwenye besiboli, akikadiria mchezaji atafanyaje msimu ujao. Alipogeukia siasa mwaka 2008 akaanzisha FiveThirtyEight, jina lililotokana na kura 538 za wajumbe wanaomchagua rais wa Marekani. Mwaka huo alibashiri sawasawa majimbo 49 kati ya 50. Mwaka 2012 yote 50. Watu wakamwita mtabiri. Kwangu sifa hiyo haigusi uhodari wake hasa.

Uhodari uko kwenye subira. Kila kura ya maoni inapotoka, mchambuzi huuliza: wamehojiwa wangapi, lini, na kampuni gani, na je, matokeo ya kampuni hiyo huegemea chama kimoja? Kura iliyochakaa hupunguziwa uzito, yenye sampuli kubwa huongezewa. Kisha kompyuta huuendesha uchaguzi uleule maelfu ya mara, kila mara na makosa tofauti, ili ionekane ni mara ngapi kila mgombea anafikisha wajumbe 270 wanaotosha kushinda.

Ninapopenda kukaa zaidi ni kwenye makosa yenyewe, maana hayatokei kila moja kivyake. Wahoji wakiwakosa wapigakura wa aina fulani Wisconsin, yaelekea wamewakosa Michigan na Pennsylvania pia. Anayelihesabu kila jimbo kana kwamba halina jirani hujipatia uhakika wa uongo. Mwaka 2016 wapo waliompa Hillary Clinton uwezekano wa kushinda wa asilimia 98, hata 99. Silver aliyaacha makosa yaambatane, na Donald Trump akabaki na takriban asilimia 29. Siku chache kabla ya uchaguzi Silver alishutumiwa hadharani kwamba anazipindisha namba. Hakuziondoa. Majimbo yale matatu yakaenda kwa Trump yote, kwa tofauti isiyofika kura 80,000 kwa jumla, na urais ukaenda nayo.

Wengi walisema naye amekosea. Mimi nasema ile ndiyo namba bora aliyopata kuiandika: karibu mara tatu katika kumi, jambo ambalo mtu mwangalifu hulitarajia.

Baadaye FiveThirtyEight ilichapisha ukaguzi wa bashiri zake za miaka iliyopita. Matukio iliyoyapa uwezekano wa asilimia 70 yalitakiwa kutokea takriban mara saba katika kumi. Kama yangetokea yote, hapo pia hesabu ingekuwa na kasoro.