Jaji, Mwizi na Sisi Watazamaji

Wako wazee hapa Mchafukoge ambao ukiwatajia filamu ya Kihindi "Awaara", ya mwaka 1951, kwanza watakuimbia. Maneno hawayajui maana, sauti wameihifadhi. Kisa chenyewe wengi wamekisahau, na hapo ndipo penye hasara.

Jaji Raghunath huamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Jagga, aliyehukumiwa kwa imani hiyo, alimteka mke wa jaji, kisha akamwachia. Jaji akasikiliza maneno ya watu, akamfukuza mkewe naye ni mja mzito. Mtoto, Raj, akakulia mtaani, na Jagga akamfunza wizi ili kumkomoa jaji. Raj Kapoor, aliyeiongoza filamu na kumwigiza kijana huyo, ni mwana hasa wa Prithviraj Kapoor aliyemwigiza jaji.

Sisi tuliofunzwa kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, hoja hii si ngeni kwetu. Je, tuliichukua? Katika majumba ya Empire na Avalon watu walimlilia mama yule. Kisha mtu hurudi nyumbani, husikia uvumi barazani, na asubuhi mkewe yuko njiani na sanduku lake kichwani. Machozi aliyaacha kwenye kiti cha sinema.

Filamu nayo ina dosari: inamrembesha mno mwizi, kwa kofia yake, suruali iliyokunjwa na tabasamu. Vijana waliiga suruali. Raj mahakamani alikiri kosa na akapokea kifungo cha miaka 3. Hilo sikuona aliyeliiga.

Leo majumba yale hayaonyeshi filamu tena. Kariakoo huuzwa filamu zilizotiwa maelezo ya Kiswahili (na mzaha mwingi usiokuwamo), na kijana hutazama simu yake peke yake chumbani. Zamani baba aliketi safu moja na wanawe, na njiani wakabishana: jaji alistahili kusamehewa?

Mimi nilikuwa nikisema hakustahili. Lakini mama yule, kitandani akikaribia kufa, alimtaka mwanawe asamehe, kabla jaji hajaomba radhi. Wake zetu waliketi papo hapo gizani wakilitazama jambo hilo. Njia nzima ya kurudi nyumbani hatukuwauliza waliliona vipi.