Watoto Wavae, Twende Mezani!

Tumeshuka melini Jumamosi asubuhi pale Port Canaveral, Florida, na hapa ninapoandika sakafu ya nyumbani bado inanichezacheza chini ya miguu. Sikuweza kungoja itulie! Jamani, wenye watoto wadogo, nina habari. Wanangu wawili, dada mtu wa miaka sita na mdogo wake wa miaka mitatu, wameketi kwenye meza yenye kitambaa cheupe, uma mbili mbili na glasi za miguu mirefu, usiku saba mfululizo. Wakala, wakashukuru, na kila usiku wakaondoka mezani wakiuliza kesho tutakaa wapi.

Meli yenyewe ni Disney Treasure. Iliundwa na Meyer Werft huko Papenburg, Ujerumani, ikaanza kubeba abiria tarehe 21 Desemba 2024. Urefu wake ni kama mita 341. Mama yangu, aliyetoka Tanga kuja kututembelea, aliitazama tukiwa gatini akasema hiyo si meli, ni mtaa mzima. Tulipita Cozumel, Grand Cayman na Jamaika, tukamalizia kisiwa cha Castaway Cay huko Bahama, na kote kulikuwa kuzuri. Habari za fukwe mtazipata kwa wengine. Mimi nimekuja na habari ya meza.

Maana kabla ya safari karibu kila mtu alinipa onyo lilelile: usithubutu kuwapeleka wadogo kwenye chakula rasmi. Walishe piza na chipsi juu kwenye bwawa, wachoke, walale, halafu nyinyi wakubwa mshuke mle kwa raha zenu. Nami nilishakubali. Aliyekataa ni mama. Kwao Tanga mtoto ana sinia lake na watoto wenzake, ndiyo, lakini sinia hilo huwekwa palepale walipo wakubwa, awaone wanavyonawa, wanavyochukua tonge la mbele yao, wanavyongojana. "Asipokaa na watu, adabu ya kula ataiona wapi?" akauliza. Sikuwa na jibu. Tukaenda wote.

Sasa sikilizeni jinsi meli hii ilivyopangwa, kwa sababu hapa ndipo nilipopenda kabisa. Mikahawa mikuu ni mitatu: 1923, Worlds of Marvel na Plaza de Coco. Kila jioni familia hupangiwa mmojawapo, kesho yake mwingine, mpaka safari iishe, na yote imo ndani ya nauli. Mnahama nyinyi, na wahudumu wenu wanahama pamoja nanyi! Wetu walikuwa wawili, mmoja Mfilipino na mwenzake Mhindi. Usiku wa kwanza waliuliza majina ya watoto. Usiku wa pili juisi ya tufaha ilishafika mezani kabla mdogo hajapanda kitini. Usiku wa tatu kuku alikuja amekwisha kukatwa vipande vya kumtosha kinywani, na hakuna aliyeomba. Mama alikuwa amewaambia wajukuu wawaamkie watu waliowazidi umri, basi wakawa wanafika na "Shikamoo!" ya nguvu, na kufikia usiku wa nne yule Mfilipino alikuwa anaitikia "Marahaba!" mkahawa mzima usikie.

Mtu mzima atasema huo ni ukarimu wa kazini tu. Mtoto wa miaka mitatu hapimi hivyo. Amefika mahali pageni, taa nyingi, sauti nyingi, watu mamia, na katikati ya yote hayo kuna uso anaoujua unaomwita jina. Anatulia. Nimemwona mwanangu akitulia kwa macho yangu, kila jioni, dakika ileile alipomwona mhudumu wake.

Na usiku wa kwanza hakuwa ametulia. Alipiga glasi ya maji kwa kiwiko, ikamwagika mpaka upande wa bibi yake, na mimi nikainuka nikitafuta pa kuificha sura yangu. Mama hajamaliza kusema samahani, kitambaa kipya kimeshatandikwa, glasi nyingine imeletwa, hii ya plastiki yenye kifuniko, na mhudumu amekunja kitambaa cha mkono kikawa sungura. Mtoto akacheka. Nikakaa chini. Kuanzia hapo sikuogopa tena.

Usiku wa mavazi rasmi ulitukuta 1923. Jina hilo ni la mwaka ambao ndugu wawili, Walt na Roy Disney, walianzisha kampuni yao huko Hollywood, na kumbi zake mbili zinaitwa kwa majina yao. Kuta zina michoro ya filamu zao za katuni. Hakuna jukwaa, hakuna onyesho, ni chakula na mazungumzo tu. Ukitaka kujua kama mtoto wako anaweza kula mezani kwa adabu, huu ndio ukumbi wa kumpimia, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kumshika.

Jinsi tulivyopendeza! Mdogo alivaa kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi aliyoletewa na bibi yake. Dada yake alivaa gauni la kitenge lenye marinda matatu, na mama akajitanda mtandio wa hariri. Mavazi rasmi si lazima usiku ule, wapo waliokuja na shati la kawaida, ila nguo za kuogelea na fulana zisizo mikono haziruhusiwi kwenye mikahawa hii siku yoyote. Kutoka kwenye lifti mpaka mezani tulisimamishwa na watu wanne wakiisifia kanzu. Mtoto aliyevalishwa hivyo hutembea tofauti, na hukaa tofauti pia! Alikaa wima. Alitandika kitambaa mapajani kama alivyomwona mzee wa meza ya jirani. Bibi yake akamwambia, "Mume wangu leo umependeza, nani atanilisha?" naye akamwekea kipande cha mkate kwenye sahani, kwa uma, bila kukiangusha. Nimehudhuria harusi kubwa kubwa ambazo hazikunipa furaha ya dakika ile.

Worlds of Marvel nitaipita upesi. Skrini ni nyingi, mashujaa wanarukaruka, na wanaozipenda filamu za Marvel watapagawa. Mwanangu aliangalia mdomo wazi, viazi vikapoa. Kwa watoto wakubwa kidogo, safi sana. Kwa umri wa wangu, mikahawa mingine miwili ndiyo yenye utamu.

Plaza de Coco sasa! Umeingia na uko kwenye uwanja wa mji wa Meksiko, jukwaa katikati, wanamuziki wanapiga gitaa na tarumbeta wakipita kati ya meza. Msingi wake ni filamu ya Coco ya mwaka 2017, ile iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Ni hadithi ya mtoto Miguel anayevuka kwenda nchi ya wafu, ambako marehemu hubaki maadamu yupo hai anayemkumbuka. Ukumbi huu una maonyesho mawili tofauti, kila moja na usiku wake, na la pili ni la sikukuu ya Meksiko ya kuwakumbuka waliofariki.

Usiku huo wa pili binti yangu aliacha uma akamgeukia bibi yake. "Bibi, na sisi babu tunamkumbuka hivi?" Mama akamweleza taratibu, muziki ukiendelea. Kwamba watu wa Meksiko huwawekea marehemu wao picha, maua na chakula. Sisi tunawasomea hitma, tunawaombea dua, tunawalisha majirani kwa niaba yao. Kwamba babu yake alifariki kabla yeye hajazaliwa na bado jina lake hutajwa nyumbani Tanga kila Ijumaa. Mtoto akafikiri kidogo. "Babu alipenda kula nini?" Mama akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Samaki, mjukuu wangu. Samaki na wali wa nazi. Akishushiwa changu wa kukaanga hamsikii mtu."

Basi binti yangu akamwita mhudumu, akaomba samaki. Si wa orodha ya watoto, yule wa wakubwa, na hapo nikajifunza jambo jingine: mtoto anaruhusiwa kuagiza kutoka orodha yoyote. Nusu sahani au sahani nzima, atakavyo. Akaletewa kipande kizima, akakila chote. Mtoto ambaye nyumbani akiona samaki anafunika pua! Niambieni, kama ningemwacha juu na chipsi zake, mazungumzo yale yangetokea wapi?

Kuna zamu mbili za chakula, saa 11:45 jioni na saa 2:15 usiku. Wengi wenye watoto hukimbilia ya kwanza, na kwa mtoto anayelala mapema ni sawa kabisa, mchukueni hiyo. Sisi tulichukua ya pili na ninaitetea kwa nguvu zote. Watoto walilala mchana baada ya kuogelea, wakaamka, wakaoga, wakavaa bila mtu kumfokea mwenzake. Na zamu ya pili ina zawadi yake. Ukimwambia mhudumu kuwa unataka, chakula cha watoto hutangulizwa, na inapokaribia saa 3 usiku walezi wa klabu ya watoto wanafika wenyewe mlangoni mwa mkahawa, wanawapokea na kuwapeleka kucheza. Ni kwa watoto kuanzia miaka 3, mtoto awe ameshaandikishwa klabuni na ameshaacha nepi. Klabu hiyo haina malipo ya ziada. Wakubwa mnabaki na kitindamlo chenu na kahawa yenu ya moto, wa chini ya miaka mitatu mnabaki naye au mnampeleka kwenye chumba cha watoto wachanga, ambacho hulipiwa kwa saa.

Nilidhani wangu watatoka mbio wakimwona mlezi. Usiku mmoja wa Plaza de Coco walikataa kuondoka mezani!

Kwa sisi Waislamu, chakula cha halali kipo, ila kiombeni mapema kabla ya safari, kisha mkumbusheni mhudumu usiku wa kwanza. Kwa vile wahudumu ni walewale, huhitaji kueleza tena. Kila jioni mkubwa wao alikuja na orodha ya kesho tukachagua pamoja, na mama, ambaye alikuwa amepakia mkebe wa tende na visheti kwa kujihami, alivirudisha karibu vyote. Mwenye mtoto asiyepatana na karanga au maziwa atatunzwa kwa utaratibu huohuo.

Na kama mna wasiwasi wa kuwaudhi wengine, ondoeni. Meli ina mikahawa miwili ya watu wazima peke yao, Palo Steakhouse na Enchanté, ya kulipia zaidi, na aliye chini ya miaka 18 haingii. Mwenye kutaka ukimya ana pake. Huku kwetu kila meza ina kiti kirefu, kalamu za rangi au mtoto chini ya meza akitafuta kiatu, na sikukunjiwa uso hata mara moja.

Usiku wa mwisho watoto walichora picha nyuma ya karatasi ya chakula: meza, sisi sote, na wahudumu wawili warefu kuliko wote. Wakawapa pamoja na bahasha ya bakshishi. Yule Mhindi aliikunja akaitia mfukoni upande wa moyo.

Basi fanyeni hivi. Waandikisheni watoto klabuni kabla ya kupanda. Mwambieni mhudumu umri na majina yao usiku wa kwanza. Walazeni mchana, hata wakilia. Wakichoka kabla ya kitindamlo, inukeni nao bila kuona haya, kesho ipo. Na mnapofunga mabegi, tafadhali, nguo zao nzuri msiziache nyumbani.