Namba ya Barabara

Kipeuo cha pili cha 2,025 ni 45. Simu itakupa jibu hilo kufumba na kufumbua, na labda ndiyo sababu wengi wetu tumesahau linavyopatikana. Mzee mmoja wa Kitanzania anayeishi Reynoldsburg, mashariki mwa jiji la Columbus, Ohio, hajasahau. Nyumbani alikuwa akifundisha shule ya msingi. Hapa, jioni baada ya kazi, huwasaidia watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa GED, ule wa kupata cheti kinachohesabiwa sawa na cha sekondari. Wengi wao ni Wakongo, wenye ndugu Louisville na Buffalo, na wote wanamwita Mwalimu.

Katika hisabati ya GED, maswali matano ya mwanzo hufanywa bila kikokotoo. Mwalimu amepata kisingizio hapo. Kusema kweli, mtihani hauulizi hesabu ndefu kama anayoifundisha. Anaifundisha kwa kuwa anaipenda, nami sioni ubaya wake.

Mifano yake huitoa barabarani. Main Street inayopita katikati ya mji ni sehemu ya barabara namba 40, ile National Road ya zamani, na kila mwanafunzi wake anaendesha gari. Gari likifungwa breki ghafla, matairi huacha alama kwenye lami. Lami ikiwa kavu, gari la mwendo wa maili 30 kwa saa huacha alama za futi 40 hivi. Je, likiwa maili 60? Mgeni wa somo hujibu futi 80. Mwalimu hamkatizi. Anaandika 160 ubaoni, anakaa kimya, anawaacha watazame. Urefu wa alama haufuati mwendo, unafuata mraba wa mwendo.

Kisha linakuja jambo analolisimamia kuliko yote: kabla ya kutafuta chochote, tafuta kwanza namba isiyobadilika. Zidisha 30 kwa 30, upate 900, gawanya kwa 40, unapata 22.5. Yeye huiita namba ya barabara. Ukishaipata, unaweza kuuliza kinyumenyume, kama wanavyofanya polisi wanaopima ajali Marekani: alama ni futi 90, dereva alikuwa anakwenda kasi gani? Ile 22.5 mara 90 ni 2,025. Kilichobaki ni kipeuo.

Hapo ndipo napenda kumtazama. Anagawa tarakimu mbili mbili kuanzia kulia: 20, halafu 25. Mraba mkubwa unaoingia ndani ya 20 ni 16, kwa hiyo anaandika 4 juu. Anatoa, inabaki 4, anashusha 25, inakuwa 425. Sasa anazidisha ile 4 kwa mbili, anapata 8, na kuacha nafasi wazi pembeni yake. Tarakimu gani ikikaa hapo, halafu namba nzima ikazidishwa kwa tarakimu hiyo hiyo, itafika 425 bila kupita? Wanajaribu 6: 86 mara 6 ni 516, imezidi. Wanajaribu 5: 85 mara 5 ni 425. Hakuna baki. Jibu ni maili 45 kwa saa.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye kule kuzidisha kwa mbili, na walimu wengi huwaambia wakariri tu. Yeye anachora mkeka wa mraba. Ukitaka kuukuza ubaki mraba, huwezi kuongeza ukili upande mmoja. Utaongeza pande mbili, kisha uzibe kona. Zile pande mbili ndiyo ile mara mbili, na kona ndiyo tarakimu inayojizidisha yenyewe. Njia ya kutoa kipeuo tarakimu kwa tarakimu ilikwisha andikwa na Aryabhata, mwanahisabati wa India, mwaka 499, naye aliiweka ndani ya ubeti.

Futi 100 hazina adabu ya futi 90. Unapata 2,250, na kipeuo chake hakina mwisho: 47, nukta 4, halafu 3, na kuendelea. Kijana mmoja alitaka aendelee hadi tarakimu ya nne. Mwalimu akamuuliza tepu ya kupimia alama barabarani inasoma hadi wapi. Kijana akaishia 47.

"Na mvua ikinyesha, Mwalimu?" mama mmoja akauliza.

"Namba ya barabara inashuka, mama. Tuseme 15."

Mama akazidisha 15 kwa 90, akapata 1,350, akagawa 13 na 50. Mraba unaoingia ndani ya 13 ni 9, akaandika 3. Ikabaki 4, akashusha 50, akazidisha 3 kwa mbili, akaanza kutafuta tarakimu ya kukaa kando ya 6. Alijaribu 7 kwanza: 67 mara 7 ni 469, imezidi 450. Akashuka hadi 6, akasema dereva wa siku ya mvua, kwa alama zile zile za futi 90, alikuwa na maili 36 na ushee tu.