"Kienyeji" na "Jaribio": Uhakiki wa Istilahi Mbili za Kompyuta

Mwandishi wa programu, kabla ya kuwapelekea wenzake kifurushi alichokitunga, huandika amri moja katika dirisha la amri, na kompyuta yake ikaikagua kazi hiyo yenyewe, kipengele baada ya kipengele. Majina ya kitendo hiki hayana budi kuhakikiwa kabla hayajaota mizizi.

"Endesha majaribio kienyeji" ndiyo tafsiri inayomjia mtu haraka. Tuipeleke Mlali, wilayani Kongwa. Huko, kama kwingineko nchini, kuku wa kienyeji ni kuku wa asili, na mganga wa kienyeji ni yule asiyetoka hospitali. Kijana wa Mlali akiambiwa aendeshe majaribio kienyeji ataelewa kwamba ayafanye kijadi au, vibaya zaidi, ovyo ovyo. Kumbe kilichokusudiwa ni kwamba kazi ifanyike ndani ya kompyuta iliyo mbele yake, si katika seva ya mbali. Nalo si jambo dogo kwake, kwani vifurushi vinavyotegemewa vikishapakuliwa, majaribio mengi huendeshwa bila intaneti. (Anayenunua kifurushi cha intaneti ili apakue kifurushi cha programu ana haki ya kutabasamu.) "Papo hapo" nalo halifai, maana limekwisha kuelemea upande wa wakati. Tunapendelea "katika kompyuta yako". Ni refu, lakini halipotoshi.

"Jaribio" lina matatizo zaidi. Kongwa inalijua: mpango wa karanga wa Waingereza ulianza huko mwaka 1947 bila mashamba ya majaribio ya kutosha, ukaachwa mwaka 1951. Hata hivyo neno hilo hubeba pia maana ya jitihada ya kutenda jambo. Ripoti isemapo "majaribio 3 yameshindwa", msomaji anaweza kudhani kwamba ukaguzi wenyewe haukufanyika, hali umefanyika barabara na kugundua kasoro. Tofauti hiyo mashine inaijua. Katika zana iitwayo pytest, itumiwayo na waandishi wa Python, namba ya mwisho ikiwa 1, kasoro zimeonekana. Ikiwa 5, hakuna jaribio lolote lililopatikana. Kiswahili chetu kisiwe na ubainifu mdogo kuliko namba hizo.

Tunapendekeza "kipimo". Mgonjwa anapopimwa damu na malaria ikaonekana, hakuna asemaye kipimo kimeshindwa. Vivyo hivyo tuseme "vipimo 3 vimeonyesha kasoro". "Kufaulu" na "kufeli" tuwaachie walimu, hasa kwa kuwa hapa 0 ndiyo alama ya kazi iliyo salama, na mwanafunzi aliyezoea kuiogopa sifuri ya kidato cha nne atashtuka bure.

Wapo watakaosema kwamba kipimo ni pia kiasi, kama cha nafaka au cha dawa. Ni kweli, lakini muktadha hulitenganisha hilo kwa urahisi, na kitendo chenyewe kinaweza kuitwa "upimaji". "Amri" haina mgogoro.