Jinsi Samoni Alivyoachishwa Mafuta ya Samaki

Mwaka 1990, takriban asilimia 90 ya chakula cha samoni wa kufugwa nchini Norwei ilitoka baharini, yaani unga wa samaki na mafuta ya samaki. Kufikia 2013 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 30. Mafuta ya samaki peke yake yalitoka asilimia 24 ya chakula hadi 11 hivi, na pengo likazibwa na mafuta ya kanola. Katika miaka hiyohiyo uzalishaji wa samoni wa Norwei ulivuka tani milioni moja kwa mwaka, ilhali mafuta ya samaki yanayokamuliwa duniani kote yalibaki palepale, tani milioni moja hivi, yakipungua kila El Niño inapovuruga uvuvi wa Peru. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha bei: mafuta ya bahari yaliadimika, wafugaji wakakimbilia ya shambani. Bei ilisukuma kweli, lakini bei haiwezi kumfanya samaki mla samaki aishi kwa mafuta ya mbegu. Kilicholiwezesha badiliko hili ni kuelewa kwamba mafuta hufanya kazi mbili tofauti mwilini mwa samaki, na kwamba kila kazi inaweza kupewa mafuta yake.

Kazi ya kwanza ni nishati. Samoni hajaumbwa kula wanga. Akilishwa wanga mwingi, sukari hubaki juu katika damu yake kwa saa nyingi. Nguvu yake aipate kwa protini au kwa mafuta, na kwa kuwa protini ndiyo ghali, watengenezaji wa chakula waliongeza mafuta hadi yakafika, kwa samaki wakubwa, theluthi moja ya uzito wa chakula au zaidi, ili protini ibaki kujenga minofu. Kwa kazi hii ya kuchomwa, karibu mafuta yoyote yanayosagika tumboni yanatosha. Kazi ya pili ni ujenzi: utando wa kila seli, ubongo, jicho, kinga ya mwili. Hapa zinahitajika asidi maalumu za omega-3 zenye mnyororo mrefu, EPA na DHA, na zinahitajika kwa kiasi kidogo sana ukilinganisha na mafuta yote yanayoliwa. Tena mwili wa samoni wenyewe huchagua. Asidi ya oleiki, iliyojaa katika kanola, huchomwa upesi. DHA huhifadhiwa kwenye utando, hasa inapokuwa haba. Kwa hiyo miaka yote chakula kilipojazwa mafuta ya samaki matupu, sehemu kubwa ya mali hiyo adimu ya bahari iliteketea kama kuni.

Uchaguzi wa kanola nao una mantiki yake. Mawese ni nafuu, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, na katika maji ya baridi ya kaskazini usagaji wake hushuka. Soya na alizeti humjaza samaki omega-6. Kitani kina omega-3 nyingi za mnyororo mfupi wa kaboni 18, ila zao lenyewe ni dogo na ghali. Kanola hubaki kimiminika kwenye baridi, ina oleiki ya kutosha kuwa kuni, na ina kiasi cha omega-3 fupi ambazo samoni anaweza kuzirefusha kidogo. Hilo la mwisho ni bahati ya asili yake: samoni huzaliwa mtoni, na samaki wa maji yasiyo na chumvi kwa jumla wana vimeng'enya vya kugeuza asidi fupi kuwa ndefu. Samaki wengi wa baharini hawanavyo vyote, kwani wanaokula wenzao huzipata EPA na DHA zikiwa tayari. Wapo wanaoivunja kanuni hii, na mmoja ni wa jamii ya tasi anayejulikana sana pwani yetu. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba tasi mmoja, Siganus canaliculatus, mla majani ya baharini, ana kimeng'enya kinachotengeneza DHA kwa njia ambayo ilikuwa haijawahi kuonekana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyochukuliwa: uwezo huo wa samaki hutabiriwa vizuri zaidi na alichokuwa akila kuliko na chumvi ya maji yake.

Pingamizi kubwa ni la mlaji. Vipimo vya samoni wa Scotland vilionyesha kwamba kati ya 2006 na 2015 EPA na DHA katika minofu zilipungua kwa nusu. Aliyekuwa akitosheka na kipande kimoja, kufikia 2015 alihitaji viwili. Hoja hii ni ya kweli, na haijibiwi kwa kusema tu kwamba samoni huyo bado anawazidi kuku na ng'ombe kwa mbali, ingawa anawazidi. Jibu la kitaalamu lilikuwa kumrudishia samaki mafuta ya bahari mwishoni mwa ufugaji. Katika jaribio moja, samoni waliolishwa kanola pekee kisha wakahamishiwa mafuta ya samaki kwa miezi kadhaa walirudisha EPA na DHA hadi asilimia 80 hivi ya kiwango cha wale ambao hawakubadilishiwa kamwe. Njia hiyo inafanya kazi, lakini miezi hiyo ya mwisho ndicho kipindi samaki anachokula zaidi, hivyo akiba ya mafuta haiwi kubwa kama inavyodhaniwa.

Pingamizi la pili linamhusu samaki mwenyewe, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Viwango vya EPA na DHA vilivyoonekana kutosha kwenye matangi ya utafiti, yenye maji safi na utulivu, havikutosha kwenye vizimba baharini, ambako samaki hukabili joto linalobadilika, magonjwa na misukosuko ya kuondolewa chawa wa baharini. Samaki anaweza kukua vizuri huku akiwa hana akiba ya kustahimili taabu, na mizani haitaonyesha upungufu huo. Kwa hiyo kiwango cha chini kinapaswa kupimwa kizimbani. Hapo ndipo mafuta ya mwani mdogo wa baharini, unaokuzwa viwandani kwa sukari kama kule Blair, Nebraska, Marekani, tangu 2019, yanapopata nafasi: yanaleta EPA na DHA kwa kazi ya ujenzi tu, bila kuvua samaki.

Kwa wafugaji wa sato wa Ziwa Victoria, hesabu ni nyepesi zaidi. Sato huhitaji hasa omega-6 fupi, kama asilimia moja ya chakula au pungufu, na pumba za mpunga na mashudu ya alizeti huwa nazo. Omega-3 fupi huweza kuzirefusha mwenyewe. Mtu atasema dagaa hutiwa katika chakula cha sato kwa ajili ya protini, si mafuta, na ni kweli. Basi dagaa apimwe kama protini, bei yake iwekwe kando ya bei ya soya iliyokaangwa vizuri, na vifaranga wahesabiwe peke yao, maana wao wana mahitaji mengine.